Mwalimu wa Piano: Wasikilize Wanafunzi Wake Kwanza

Mpiga kinanda hodari kuliko wote parokiani kwenu huenda asifae hata kidogo kumfundisha mtoto wako. Alijifunza kwa sikio tangu utotoni, akikaa pembeni ya mpigaji mkubwa na kuiba kwa macho, na leo mkono wake wa kushoto unakwenda wenyewe bila yeye kuufikiria. Ukimwuliza anafanyaje, atakuonyesha tena, kwa kasi ileile. Si kwamba ana roho mbaya. Hajawahi kulazimika kumweleza mtu asiyejua. Kuendesha gari ni kazi moja, kufundisha udereva ni nyingine.

Nataja hilo mapema kwa sababu wazazi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi humpata mwalimu kwa njia hiyo. Wanasikia mtu anapiga vizuri, wanamngoja baada ya ibada, wanapatana bei palepale mlangoni. Wengine hubahatika. Wengine mtoto wao huacha kabla muhula haujaisha, na nyumba nzima inakubaliana kwamba hana kipaji. Mimi naamini kipimo cha mwalimu ni wanafunzi wake. Usikilize mikono yake dakika mbili, halafu omba kusikia mikono ya watoto aliowafundisha mwaka mmoja au miwili.

Lakini kabla ya kumtafuta mtu, amua unataka muziki gani. "Tunataka tu ajue piano" ni jibu lisilomsaidia mwalimu wala mtoto. Anayeandaliwa kwa mitihani ya kimataifa anahitaji mtu aliyezoea kusoma nota kwenye mistari mitano na anayeufahamu mtaala wa sasa. Anayetaka kuja kuhudumu kanisani anahitaji kujua kupanga sauti nne, kuisubiri kwaya inapochelewa, na kuukamata wimbo ambao mwimbishaji ameuanzisha juu mno. Anayependa gospeli, jazi au bongo fleva atafaidika zaidi na mtu wa bendi. Ni nadra kumpata mtu mmoja mwenye yote matatu, na anayedai anayo yote ndiye wa kumsikiliza kwa makini zaidi.

Na kuna taarab. Mzazi wa Zanzibar au Tanga anayetamani mwanawe apige kinanda cha taarab asidhani kwamba mwalimu yeyote wa piano atamfikisha. Baadhi ya maqamu za Kiarabu zina sauti zinazoangukia katikati ya vibao viwili vya piano, na piano ya kawaida haina namna ya kuzitoa. Kinanda cha umeme kinachopiga maqamu hizo hurekebishwa kwa ajili hiyo. Pa kuanzia kuuliza ni Dhow Countries Music Academy huko Zanzibar, chuo ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimekuwa kikifundisha ala za taarab kama udi, ganuni na akodiani.

Suala la nota nalo lina historia yake huku kwetu. Wamisionari wa karne ya 19 walikuja na mtindo wa kuandika nyimbo kwa herufi za do, re, mi, uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza, na mpaka leo kwaya nyingi za Kenya na Tanzania hujifunza nyimbo mpya kwa mtindo huo. Kwa sikio na kwa sauti ni mtindo mzuri sana. Ila vitabu vya piano, karibu vyote, vimeandikwa kwa mistari mitano, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini. Mwalimu anayejua do-re-mi peke yake atakwenda na mtoto mwendo fulani, kisha watakwama wote wawili. Kwa hiyo mwulize mapema: "Mwalimu, utamfundisha kusoma nota za mistari?" Akijibu kwamba hilo litakuja baadaye, mwulize baadaye ni lini. Wapo wanaolichelewesha kwa makusudi, kama wafuasi wa Shinichi Suzuki wa Japani wanaotanguliza sikio kabla ya jicho, lakini hao wana mpango unaoeleweka, na humtaka mzazi ahudhurie masomo. Kuahirisha bila mpango ni jambo jingine kabisa.

Jambo la pili la kumaliza kabla ya kupiga simu ni ala ya nyumbani. Mwalimu anakuja mara moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki mtoto yuko na ala yenu, na hiyo ndiyo itakayomfundisha zaidi. Piano kamili ina vibao 88. Kinanda cha vibao 61 kinatosha kwa mwaka wa kwanza, kwa sharti moja: kiwe kinaitikia mguso, yaani ukibonyeza polepole kitoe sauti ndogo na ukibonyeza kwa nguvu kitoe kubwa. Jaribu mwenyewe dukani. Vile vinanda vya kuchezea, ambavyo ukigusa kwa namna yoyote vinatoa sauti ileile, vinamzoesha mtoto kugonga tu, na kuyaondoa mazoea hayo ni kazi. Baada ya mwaka, kama bado anaendelea, fikiria piano ya umeme yenye vibao 88 vizito.

Piano ya mbao ina uzuri wake, lakini mkazi wa pwani afikiri mara mbili. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu kubwa sana juu ya ubao mwembamba. Unyevu wa bahari huuvimbisha ubao huo, hushikisha kutu vyuma na kufanya vibao vinate. Mchwa nao hawajali kwamba piano ilitoka Ujerumani. Ukipewa moja ya urithi, au ukiuziwa na familia inayohama, usilipe kabla fundi wa kutyuni hajaifungua na kuitazama ndani. Piano ya umeme haina shida hizo, ina hedifoni za kuwapumzisha majirani, ila umeme ukikatika na somo limekatika. Baadhi ya vinanda vidogo hutumia betri pia, uliza.

Urefu wa kiti watu huudharau. Kiwiko cha mpigaji kinatakiwa kilingane na vibao. Mtoto akikaa kwenye kiti kimoja cha plastiki mara nyingi huwa chini mno. Pachika viwili au vitatu, na miguu yake isiyofika chini iwekee kigoda. Mwalimu akija siku ya kwanza na kuanza kufundisha bila kutazama mtoto amekaaje, hiyo ni alama ya kwanza dhidi yake.

Sasa wapi pa kumtafuta. Kanisani, ndiyo, lakini usiishie kwa mpigaji. Mwulize mwalimu wa kwaya ni nani anayewafundisha watoto vinanda, kwa sababu mara nyingi mtu huyo ni mpole, hasikiki, na hapigi misa kubwa. Vyuoni kuna wanafunzi wa muziki wanaohitaji kipato na ambao wao wenyewe wanasimamiwa na walimu: Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha, na kwa Kenya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nairobi ina pia Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza mwaka 1944, ambako mtu anaweza kusoma palepale chuoni badala ya kumwita mwalimu nyumbani. Walimu wa muziki wa shule za kimataifa wengi huchukua wanafunzi wa jioni, kwa bei ya juu kidogo. Kenya kuna nafasi nyingine nzuri ambayo wazazi hawaitumii: mashindano ya muziki ya shule, yaliyoanza mwaka 1927. Nenda kakae ukumbini siku ya ala, sikiliza watoto wa umri wa mwanao, na ukimpenda mmoja mfuate mzazi wake umwulize anafundishwa na nani.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote, hata hivyo, ni fundi wa kutyuni piano. Anaingia nyumba nyingi. Anajua piano ipi imepigwa mpaka imechakaa katikati na ipi imewekewa picha za harusi juu yake. Anawajua walimu kwa majina na anajua yupi hulalamika na yupi hulalamikiwa. Ukimpata, mwulize watoto wake mwenyewe wangesoma kwa nani.

Ukishapata namba mbili tatu, andika ujumbe wenye maelezo kamili badala ya kuuliza "bei gani?" peke yake. Kitu kama hiki kinatosha: "Shikamoo Mwalimu. Nimepewa namba yako na mwalimu wa kwaya. Nina mtoto wa miaka saba, hajawahi kusoma muziki. Tunaishi Mbezi Beach, nyumbani tuna kinanda cha vibao 61. Tungependa somo la nusu saa mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi ikiwezekana. Je, unafundisha watoto wa umri huo, na unakuja nyumbani au tunakuja kwako?" Kama mwalimu ni kijana mdogo kwako, anza na habari za leo. Mwalimu anayejibu naye kwa maswali, kuhusu mtoto amesoma darasa gani, anapenda nyimbo gani, kinanda ni cha aina gani, ameshaanza kazi. Anayejibu kwa namba ya kutumia pesa peke yake, mshukuru tu.

Kuhusu foleni niseme ukweli: mwalimu hodari wa mbali hushindwa na mwalimu wa wastani wa karibu. Kwa Dar es Salaam, anayetoka Kigamboni kuja Tegeta saa kumi na moja jioni atafika kwa wakati wiki mbili, ya tatu atachelewa, ya nne atapiga simu. Ukimpenda kweli aliye mbali, panga Jumamosi asubuhi, au Jumapili mchana baada ya ibada. Masomo kwa simu au kompyuta yanawezekana kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyekwisha kushika misingi. Kwa mtoto wa miaka sita anayeanza siyapendekezi, maana mwalimu haoni mkono vizuri na sauti hufika imechelewa, hivyo hawawezi kupiga pamoja.

Kisha ile sehemu niliyoanza nayo. Mwambie mwalimu kwa heshima kwamba ungependa kumsikia mwanafunzi wake mmoja ambaye amekuwa naye mwaka au zaidi. Anaweza kukualika mwisho wa somo la mtu mwingine, au kwenye onyesho dogo la wanafunzi, kama hufanya. Usitafute mtoto wa maajabu. Huyo angefanikiwa kwa mwalimu yeyote. Tazama mtoto wa kawaida. Akikosea, je, anaendelea, au anarudi mwanzo kila mara kama aliyekariri? Akipewa mstari mfupi ambao hajawahi kuuona, anaujaribu polepole au anamtazama mwalimu ampigie kwanza? Mabega yake yamelegea au yamepanda mpaka masikioni? Na anapomtazama mwalimu, anamtazama kwa macho gani? Mzazi hahitaji kujua nota hata moja ili aone mambo hayo.

Kama mwalimu ni mpiga kinanda wa kanisani, mwombe pia apige wimbo mmoja wa kitabuni, kisha aupige tena akianzia sauti nyingine, bila kugusa kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Wapigaji wengi wamejifunza kupiga katika skeli moja au mbili, na kitufe hicho huwafanyia kazi iliyobaki. Kanisani haina neno, ibada inakwenda. Kwa mwalimu ni pengo, kwa sababu hawezi kufundisha skeli ambazo mikono yake haizijui.

Somo la majaribio lifanyike mara moja, na lilipiwe. Si vizuri kumtaka mtu afanye kazi bure halafu umchuje. Kaa chumbani, kimya, na simu yako uiweke mbali. Mwalimu mzuri wa watoto humfanya mtoto apige kitu ndani ya dakika tano za kwanza, hata kama ni sauti mbili tu, moja juu na moja chini. Anayeanza kwa kuchora mistari mitano ubaoni na kueleza thamani ya kila nota kwa nusu saa amemfundisha mzazi. Mwalimu mzuri huuliza, huimba, humpigisha mtoto makofi ya mdundo kabla ya kugusa kinanda. Hapigi sana yeye mwenyewe. Na kabla ya kuondoka anaandika daftarini mambo mawili au matatu ya kufanyia mazoezi, ili hata dada wa nyumbani aweze kumkumbusha mtoto. Daftari hilo ni jambo dogo, lakini mimi humpima mwalimu kwalo kuliko kwa vyeti.

Mtoto aanze lini? Anayeweza kukaa akasikiliza robo saa, anayehesabu mpaka kumi na kujua kulia na kushoto, yuko tayari. Kwa wengi hiyo ni miaka sita au saba. Somo la nusu saa linamtosha. Robo saa ya mazoezi kila siku inamfaa zaidi kuliko saa mbili za usiku wa kuamkia siku ya somo.

Usalama wa mtoto usiuonee haya kuuzungumza. Somo lifanyike sebuleni, mlango wazi, mtu mzima wa nyumba akiwepo. Kufundisha piano kunahitaji mara nyingine kugusa mkono au kifundo cha mtoto, na mwalimu anayestahili huomba ruhusa na hufanya hivyo mbele ya macho ya watu. Omba majina ya familia mbili anazofundisha na uzipigie simu kweli. Familia ikitaka mwalimu wa kike kwa binti yao, iseme hivyo tangu mwanzo. Walimu wa kike wapo, na hakuna atakayeshangaa.

Mitihani sasa, maana ndiyo inayogombanisha wazazi na walimu. Miwili inayojulikana zaidi kwetu ni ya ABRSM, bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, na ya Trinity College London. Yote hupanda kwa gredi, kuanzia ya 1 hadi ya 8, pamoja na hatua ya awali kabla ya ya 1. Katika mtihani wa kawaida wa ABRSM mtoto hupiga vipande vitatu, skeli, husoma nota papo hapo na hupimwa sikio. Jumla ni alama 150, na kufaulu ni 100. Tangu mwaka 2020 kuna aina nyingine, ya vipande vinne vinavyorekodiwa kwa video na kutumwa, bila skeli. Jambo ambalo wazazi hushtukia wakiwa wamechelewa: kwa ABRSM huwezi kufanya gredi ya 6 kwenda juu bila kwanza kufaulu nadharia ya gredi ya 5 au mtihani mwingine wanaoukubali badala yake. Mwalimu anayemwandaa mtoto kwa gredi za juu na hajawahi kutamka neno "nadharia" hajui njia anayokupeleka.

Mitihani yenyewe si mibaya. Inampa mtoto tarehe, na tarehe huamsha. Ubaya ni pale mwaka mzima unapotumika kwa vipande vitatu, mtoto anafaulu, na hawezi kupiga wimbo wa nne. Mwulize mwalimu mwanafunzi wake hupiga nini kati ya mtihani mmoja na mwingine. Akikosa jibu, umelipata.

Kwa mtu mzima anayetaka kuanza, mengi ni yaleyale, isipokuwa mwalimu wa watoto anaweza kumwudhi. Uliza waziwazi kama amewahi kufundisha mtu wa umri wako, na alikaa naye muda gani. Mpe wimbo mmoja unaoutaka hasa, wa tenzi, wa zilipendwa, wa filamu, wowote, na umwulize utaufikia kwa njia gani. Mwalimu mwenye busara hatakuambia "baada ya miaka mitatu" wala "baada ya wiki mbili". Atakutengenezea namna rahisi ya wimbo huohuo, mkono wa kulia kwanza, kisha sauti mbili tatu za kushoto, na atakupa kitabu cha watu wazima, kama vile vya mchapishaji Alfred, badala ya chenye picha za dubu. Mtu mzima anaelewa haraka na vidole vinachelewa. Hilo humkatisha tamaa, hasa aliyezoea kuwa bosi ofisini. Chukua somo la dakika 45, asubuhi ya mapumziko badala ya jioni ya kazi, na piga mwenyewe nyumbani ukiwa na hedifoni ili usimwonee mtu aibu.

Malipo yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Patana bei kwa somo, ulipe kwa mwezi, na mkubaliane mambo matatu: nauli iko ndani au nje ya bei, somo likiahirishwa na mwalimu linafidiwaje, na likiahirishwa nanyi siku hiyohiyo linalipwa au hapana. Kwa maoni yangu lilipwe. Mwalimu aliyekwisha panda daladala hadi kwenu na kukuta mtoto amekwenda kwenye sherehe ya rafiki yake ametumia jioni yake. Vitabu nunua mwenyewe, usisubiri kopi za kopi ambazo nota zimefifia.

Ikifika siku ya kubadilisha mwalimu, na hufika, usimkimbie kimya kimya kwa kuacha kupokea simu. Mwambie mwezi mmoja kabla, mlipe mpaka somo la mwisho, na umwombe akuandikie mtoto amefika ukurasa gani wa kitabu gani, skeli zipi anazijua, na kipi kinamsumbua. Karatasi hiyo, pamoja na daftari la mazoezi, mpe mwalimu mpya siku ya kwanza, asije akamrudisha mtoto ukurasa wa kwanza.